Kidole changu kiko kwenye Ctrl na Z

Mwenzangu, acha unachofanya usome! Niko studio, nimemleta mwanangu kupiga picha ya fomu ya shule.

Mpiga picha akalifuta kovu lake la shavuni. Nikamwambia, rudisha! Akabonyeza Ctrl na Z, likarudi. "Kila ukibonyeza, mama, unarudi nyuma hatua moja."

Akatoka kupokea simu. Kwenye kompyuta kuna picha ya bibi na bwana harusi, tangazo la studio. Roho ikakataa. Ile sura ya bibi harusi naijua!

Nikakaa kwenye kiti chake, nikabonyeza. Bwana harusi akatoweka. Nikabonyeza tena, shela ikatoweka. IKABAKI SARE YA SHULE.

Ni binti yako! Si juzi ulimtuma hapa peke yake?

Mpiga picha amerudi. "Mama, toka kwenye kiti changu."

Sitoki. Njoo, kidole hakibanduki.