Mtani Wangu Ameniamkia

Alhamisi. Mvua imekatika asubuhi, mawingu bado yamening'inia, Kwihara nzima inanukia majani mabichi ya tumbaku. Mimi nina hasira kidogo, lakini nguvu ninazo.

Kwanza mjue mnasoma habari za nani. Nimeendesha lori hadi Kigali na Lubumbashi, nimekula vyakula ambavyo hata majina yake siwezi kuyatamka, na kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, hakuna anayelinda moto kunishinda. Darasa la saba sikumaliza. Moto haudai cheti.

Ila nakohoa. Miaka sasa. Kifua kikuu walishapima, hakuna.

Leo nimekwenda mjini kuchukua majibu ya damu. Daktari wangu Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo watani. Tukikutana ni matusi tu. Msimu uliopita aliniambia, "Wewe mbeba mizigo, hilo bani litakuzika, nije nile ubwabwa wa bure." Nilicheka mpaka nikakohoa, nikarudi kwenye moto wangu. Mtani akikutabiria kifo, nani anamsikiliza?

Leo akasema kingamwili zangu, wale askari wa kwenye damu, ni nyingi kupita kiasi. Nikajipiga kifua.

"Umeona? Jeshi zima! Nyie Wazaramo mngepata hata robo yake!"

Hakucheka.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Tangu tujuane hajawahi kuniamkia.

Akanieleza taratibu. Askari wakiwa wengi hivyo, maana yake adui hajaondoka. Vidudu vimejenga kifuani, mapigano hayaishi, na mapigano yenyewe yanabomoa mapafu. Dawa atanipa, lakini moshi unavifungulia vidudu mlango kila siku. "Toka kwenye bani, kaka. Leo sikutanii."

"Marahaba," nikajibu.

Jioni nimemkabidhi shemeji moto. Mungu nisamehe, anachochea kama mtu anayechemsha chai ya msibani. Nimekaa nje, upande unakotokea upepo, nafoka.

"Punguza kuni, shemeji! Utaunguza majani!"

"Si uje mwenyewe, fundi?"

Miguu ilitaka kwenda. Nikaikatalia.

Siendi. Msimu huu nitalinda moto kwa mdomo, na huu mdomo, wanaonijua ni mashahidi, haujawahi kuchoka.