Nani Alimpa Obdulia Hatamu za Canelo

KITUO CHA POLISI, PIEDRAS MANSAS, JALISCO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Crescencio Barragán Ulloa, maarufu kama Chencho
Umri: miaka 61
Kazi: fundi wa matandiko ya farasi (shahidi anasisitiza iandikwe "fundi mkuu")
Makazi: nyumba ya bluu nyuma ya uwanja wa farasi, Piedras Mansas
Shauri: wizi wa farasi dume aitwaye Canelo. Mlalamikaji ni Fulgencio Arreola, mfugaji. Mtuhumiwa ni Obdulia Cerda, miaka 19, yuko mahabusu.
Mwandishi wa maelezo: Koplo Anselmo Rentería

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili timamu. Sijalewa, nimekunywa glasi moja tu asubuhi, na hiyo ilikuwa ya sikukuu. Matandiko yangu yamekaliwa kuanzia hapa vilimani mpaka Texas, na nimeangushwa na farasi wa kila rangi, kwa hiyo nikizungumzia farasi sibahatishi. Koplo amenitaka niende moja kwa moja kwenye tukio. Naenda.

Mnamo tarehe 25 Julai, yaani leo, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, majira ya saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa nimesimama kwenye barabara ya mawe ipandayo kanisani. Pale nilipokuwa, upande wa kulia kuna ukuta wa shamba la agave, ndugu wa mkonge, na upande wa kushoto kuna korongo. Chini kabisa barabara inakata kona na kuingia kwenye daraja lisilo na kingo. Wapanda farasi walikuwa wametutangulia kanisani ili padri awabariki farasi. Mbele yao wote lilikuwa gari la nyumbu wawili, limebeba sanamu ya Mtakatifu Yakobo na watoto waliovalishwa mabawa ya malaika.

Sisi tuliobaki nyuma kwa miguu tulikuwa na sababu zetu. Mimi ni goti. Obdulia, farasi wake jike alikuwa ametupa kiatu, akamwacha kwa mhunzi. Alikuwa na gauni lake la kijani la timu ya mabinti wanaopanda kwa kukaa upande, gauni pana kama hema. Bwana Fulgencio alikuwa anamtembeza Canelo. Namfahamu Canelo vizuri. Ni mwekundu kama mdalasini, na tandiko lililokuwa mgongoni mwake nimelishona mimi kwa mikono hii.

Nikamwuliza, "Fulgencio, mbona unamtembeza kama mbuzi wa mnadani?"

Akasema, "Namtunza, Chencho. Huyu hapandwi na mtu isipokuwa mimi."

"Na wewe unampanda lini?"

Watu wakacheka. Obdulia naye akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. Naomba hilo liandikwe, maana naamini kesi hii ilianzia pale.

Mara fataki zikalia kanisani. Moja haikwenda juu. Ilitambaa chini kama nyoka, ikaingia chini ya tumbo la nyumbu. Tukasikia mtu anapiga kelele huko juu: "Wamechomoka! Wamechomoka! Pisheni!" Nikageuka nikawaona. Nyumbu wameligeuza gari, wanateremka shoti kuja kwetu, masikio yamelala, magurudumu yanatoa cheche kwenye mawe. Macario, mwendeshaji wao, alikuwa tayari amelala mtaroni.

Hapo, Koplo, kila mtu aliruka. Na aliyeruka wa kwanza kabisa nilikuwa mimi. Nina miaka sitini na moja na goti bovu, na niliuvuka ukuta ule bila kuugusa. Kama kuna mashindano ya kuruka ukuta, niiteni.

Naomba Koplo asikilize hapa kwa makini. Bwana Fulgencio ameandikisha kwamba alisimama katikati ya barabara, amemshika farasi wake, na Obdulia akampokonya hatamu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, macho yangu yako juu ya jiwe, kati yangu na yeye hata mkono ungefika. Bwana Fulgencio alisema, "Shika! Shika, binti, shika huyu!" Akaziweka hatamu kwenye kiganja cha Obdulia, akamfunga vidole kabisa. Kisha akauparamia ukuta. Najua aliuparamia kwa sababu alitua mgongoni mwangu. Kofia yangu naikabidhi kituoni kama kielelezo. Hilo tundu ni kisigino cha buti lake.

Nikamwambia, "Toka, unaniua!"

Akasema, "Nyamaza, Chencho, inama!"

Kwetu hatamu hazitolewi ovyo, na Koplo amekulia hapahapa, analijua hilo. Ukitaka mtu akushikie farasi tu, unampa kamba ya shingoni. Ukimpa hatamu mkononi umemkabidhi farasi; anampanda anavyoona yeye, na anawajibika kwako mpaka zirudi mkononi mwako. Kamba ya Canelo ilikuwa imeviringwa kwenye pembe ya tandiko, haijaguswa, na hata sasa ipo palepale. Bwana Fulgencio ni mtu wa farasi tangu ananyonya. Hofu ndiyo iliyomfanya atoe hatamu badala ya kamba. Lakini alizitoa.

Obdulia hakuruka ukuta. Aliwaangalia nyumbu, akamwangalia Canelo, akasema, "Haya, baba, twende." Alikuwa anasema na farasi. Alikusanya gauni kwa mkono mmoja, akaweka mguu kwenye kikuku, akakaa upande. Tandiko la kiume, Koplo! Halina pa kushikia goti, halina kitu! Na farasi yule aliyemtupa Bwana Fulgencio mwenyewe mbele ya bendi nzima leo asubuhi alisimama kama anapigwa picha.

Akambana Canelo ukutani, gari likatupita. Nikaona utepe wa manjano.

Mjukuu wangu Chayito asubuhi alifungwa utepe wa manjano, nilimfunga mimi, kwa sababu mama yake yuko kazini ng'ambo ya mpaka na ameniachia. Nilikuwa nimesahau kwamba alipanda gari la malaika. Nilijaribu kurudi barabarani. Ukuta uleule niliouvuka bila kuugusa ulinikatalia. Goti lilikataa.

Koplo amenipa maji. Naendelea.

Obdulia alimwachia Canelo akimbie. Sijawahi kuona kitu kama kile, na mimi nimeona mengi. Aliteremka mteremko ule wa mawe akiwa amekaa upande, gauni limejaa upepo nyuma yake, kifua cha farasi kinakaribia kugusa bawa la malaika wa mwisho. Huko chini barabara haitoshi gari na farasi. Akampitisha Canelo upande wa korongo! Kwato zilikuwa zinaporomosha kokoto chini, tunazisikia zinavyoanguka. Wanawake walikuwa wanapiga kelele, mimi nilikuwa nalia na kushangilia kwa pamoja, nampigapiga Bwana Fulgencio mgongoni: "Muone! Muone huyo! Tandiko langu hilo!"

Akamfikia nyumbu wa upande wa korongo. Akainama mpaka nikadhani amedondoka. Alishika lijamu, akajiegemeza na uzito wake wote, na Canelo naye, bila kuambiwa, akamsukuma nyumbu kwa bega kuelekea ukutani. Gari likasugua mawe, likapasuka ubao, likaenda likipungua, likipungua, likasimama. Kutoka hapo hadi darajani hata meza ya chakula isingeenea.

Mtakatifu Yakobo amevunjika upanga. Watoto wote wazima. Nilipofika, nikichechemea, Chayito alikuwa na bawa moja na kiatu kimoja. Akaniambia, "Babu, tena!"

Baada ya hapo Obdulia alishuka, akampandisha Canelo kwa miguu hadi alipokuwa Bwana Fulgencio, ambaye sasa alikuwa barabarani anajipangusa vumbi. Akanyoosha mkono. "Hatamu zako hizi, Bwana Fulgencio. Ahsante. Farasi wako ni mwungwana."

Watu walikuwa wanaliita jina la Obdulia. Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma: "Fulgencio, muulize anampandaje!" Nilimwona Bwana Fulgencio uso unavyobadilika. Hakuzipokea. Alisema, "Huyu binti ni mwizi. Ameniibia farasi," akaja kituoni.

Naomba niseme jambo la mwisho ambalo sikuulizwa. Bwana Fulgencio si mtu mbaya. Mwaka wa ukame alitoa maji ya kisima chake kwa kila mtu, na kwangu ameagiza tandiko jipya ambalo pengine sasa hatalichukua. Kuruka ukuta si aibu. Tuliruka wote, na mimi ndiye bingwa. Aibu ni binti yule kulala ndani leo kwa kosa la wizi wa farasi, wakati mjukuu wangu atalala kitandani kwake. Asilale humo, Koplo.

Nimeyaona hayo kwa macho yangu mawili mazima, nimesomewa, ni yangu yote, na niko tayari kuyarudia mbele ya hakimu yeyote, hata kwa sauti kubwa zaidi.

(Sahihi) Crescencio Barragán U.

MAELEZO YA KOPLO: Shahidi hawezi kusema kwa sauti ndogo na dirisha lilikuwa wazi. Mlalamikaji alikuwa kwenye benchi la nje na amesikia yote. Nilipotoka na kofia kulinganisha tundu na kisigino cha buti lake, alisema haina haja. Ameomba sehemu ya maelezo kuhusu ukuta ifutwe. Nimemjibu kuwa haifutwi, ila malalamiko yanaweza kuondolewa. Ameyaondoa.

Saa kumi na mbili kasoro robo nilimtoa mtuhumiwa. Aliuliza kwanza kama farasi amenyweshwa maji. Uani alikofungwa Canelo, mbele yangu na ya shahidi, alimpa Bwana Fulgencio hatamu, naye akazipokea. Kisha Bwana Fulgencio akamrudishia Obdulia, akamwomba ampeleke Canelo nyumbani kwa kumpanda, yeye atafuata kwa miguu.

Nathibitisha kuwa nilikuwa karibu na nimeona vizuri. Alimpa hatamu, si kamba.

(Sahihi) Koplo A. Rentería