Makaburi Aliyoyachimba Mtani

Lugoba,
Wilaya ya Bagamoyo,
11 Agosti 1968.

Mpendwa mdogo wangu Ausi,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako imefika, nami naitikia marahaba. Hujambo huko Kairo? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mama magoti yanamsumbua. Hata hivyo hayamzuii kufunua kila chungu jikoni kwangu.

Najua unangoja habari ya shamba, basi nisikuzungushe: tumeshinda. Shamba la bibi limebaki letu.

Unakumbuka yule mwenye shamba la mkonge alivyodai kuwa pale ni pori lisilo na mwenyewe, apewe yeye. Alileta hata picha za magugu. Magugu! Ardhi tumeipumzisha mwaka wa tatu sasa ipate nguvu, yeye anaona pori. Niliudhika sana, lakini mama ndiye aliyeumia. Siku mbili hakula, maana alikwisha nionyesha anapotaka kuzikwa humo shambani, ubavuni mwa mama yake.

Nilikwenda mahakamani na barua yako. Nikamsomea hakimu yale uliyonakili kutoka Tamko la Haki za Binadamu, kwamba mtu ana haki ya kumiliki mali, peke yake au pamoja na wenzake, wala asinyang'anywe ovyo. Nikataja na ule mkataba wa mataifa wa kulinda ardhi za wenyeji, ambao wewe ulisema Misri wameutia sahihi. Hakimu akasema nchi yetu haimo katika huo, lakini nisihofu, sheria yetu wenyewe inatambua ardhi ya mila hata bila hati. Alichotaka ni shahidi asiye wa ukoo wetu.

Asiye wa ukoo na anajua mambo yetu yote ni nani kama si mtani? Tukamwita Mzee Mgeni, yule Mzigua ambaye yeye na baba yake ndio waliotuzikia miaka yote. Kosa letu, hatukumwonya. Alipoulizwa shamba ni la nani, akajibu kwa sauti kama aliyefika matangani kututania, "Langu! Hawa Wakwere watumwa wangu, nimewaweka tu walinde!"

Karani, mtu wa mbali asiyejua utani wetu, akaandika neno kwa neno. Mwenye mkonge akatabasamu.

Hakimu akamkumbusha kuwa amekula kiapo. Mzee Mgeni akavua kofia, uso ukabadilika. Akaomba yale ya kwanza yafutwe, ule ulikuwa utani. Kisha akataja makaburi kumi na moja, moja baada ya jingine: nani amelala wapi, alikufa mwaka wa njaa ipi, na yeye mtani alipewa nini siku ile, jogoo au kaniki. Kesho yake hakimu alikuja shambani mwenyewe. Yote kumi na moja tukayakuta humo humo ndani ya magugu.

Hukumu ikasema ile ni ardhi ya mila ya Mize binti Kombo na ukoo wake. Jina la mama, Ausi, si la mjomba, kwa kuwa kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilijua tangu mwanzo atapata taabu kutung'oa.

Siku ile ya shambani Mzee Mgeni hakuondoka bila kutuchokoza. Alipima kwa fimbo mahali pa mama, kisha akapima pa pili kando yake. Mama akauliza hapo pa nani. Akajibu, "Pa Ausi. Asidhani huko Kairo kuna mtani wa kumzika." Tulicheka sana. Halafu mama akachukua jembe, akaanza kulima kuzunguka mahali pako.

Mjomba Muhidini, Dija na wanawe wanakusalimu. Mola akukinge na kila shari na akurejeshe salama, miaka mingi kabla hujahitaji ile nafasi.

Mimi dada yako akupendaye,
Sihaba