Sufuria Zilizong'aa Kabla ya Chakula

Bofa, Kilifi
Jumapili jioni

Kwako dada yangu Sidi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za wote wa nyumbani Tezo. Je, u hali gani? Goti limepoa, ama lingali likikusumbua ukisimama kutwa kwenye hicho kiwanda cha maziwa? Na ile baridi ya humo ndani, umepata sweta? Huku sisi ni wazima. Baba angali anagema. Mama amemkataza minazi mirefu naye hujifanya hakusikia. Bibi yetu Hawe macho yake ni yale yale ya uzee, lakini masikio hayajambo, hasa akisemwa yeye.

Najua utashangaa kupata barua ilhali simu ninayo. Nimekupigia mara nne mwezi huu, na kila ukipokea kwa ile sauti yako ya furaha mimi huishia kuuliza habari za mvua ya Mariakani. Basi nimeona niandike. Nakuomba unisome mpaka mwisho.

Habari kubwa ni kwamba ndugu yetu Sanga alimleta mchumba wake, Pamela, nyumbani Jumapili iliyopita. Ni binti mpole, mwenye adabu, utampenda. Tatizo lilianza siku tatu kabla, Sanga alipompigia Mama kumweleza kuwa Pamela ni Msabato na hali nyama yoyote, si kuku wala samaki. Mama alikuwa keshamfunga jogoo mguu. Akauliza kama huyo binti ni mgonjwa, na alipoambiwa ni mzima akauliza mgeni sasa apewe nini, majani kama mbuzi? Kisha akakumbuka kuwa ana mwana mpishi wa hoteli. Nikaitwa.

Nilienda nikiwaza nipike nini. Hapa hotelini kuna saladi inayotengenezwa kila Jumanne kwa wageni wasiokula nyama. Asili yake ni Meksiko. Jina lake sikulitamka mbele ya Baba, maana kwa Kiswahili lingesikika kama tako. Nilichagua hiyo kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu nyingine nitakayokueleza.

Mama alikuwa amechemsha maharagwe. Nikayakaanga kwa kitunguu, nyanya, bizari nyembamba na pilipili mpaka mchuzi ukakauka. Nikachemsha mahindi mabichi nikayapukuchua. Kabichi niliikata, na vipande vingine vilipotoka vinene nikasema ndio mtindo wa huko. Kisha nikasukuma chapati nyembamba za unga wa mahindi uliochanganywa na wa ngano, nikazikata pembetatu, nikazikaanga ziwe kavu za kuvunjika. Za kwanza ziliungua, nikazilaumu kuni. Nyanya, parachichi, dania, ndimu na maziwa lala nikaviweka kila kimoja na bakuli lake, kila mtu ajipakulie apendavyo.

Dada, walikula! Hawe alisema chakula hiki kina kelele, akazilainisha zile chapati ndani ya maharagwe, akamaliza sahani mbili. Baba alikula, halafu akaulizia sima, akaimalizia na maharagwe yaliyobaki. Pamela alijipakulia mara tatu. Alimwambia Mama kwamba kila nyumba anayoalikwa huondolewa vipande vya nyama akapewa mchuzi wake, naye hula kwa haya, na kwamba hii ni mara ya kwanza nyumba nzima kula chakula chake. Mama alijifuta machozi kwa leso akisingizia pilipili.

Kisha Mama akaenda jikoni kuosha vyombo, akarudi anacheka. Hapakuwa na cha kuosha. Sufuria zote zilikuwa zimesuguliwa kwa jivu mpaka zinang'aa, zimefudikizwa kwa ukubwa, mifuniko pembeni. Hata sikumbuki nilizisugua saa ngapi. Nadhani nilikuwa nikiosha kila nilichokigusa kabla hakijapoa. Mama alimwambia Pamela kwamba mpishi safi namna hii hajapata kumwona. Wote walinisifu. Baba alinitazama mikono.

Jioni alinisindikiza hadi barabarani. Unamjua Baba: mtu akidai ni mgema, yeye humtazama nyayo kwanza. Alinishika mikono, akaigeuza. Akasema mpishi huwa na makovu ya kisu na ya mafuta, na kwamba mimi sina hata moja, nina vidole vilivyokunjamana kwa maji. Akasema pia kuwa mpishi aliyechoka huacha sufuria, hazioshi kabla chakula hakijaiva. Halafu akaitaja ile methali asiyoipenda hata kidogo, ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akaniuliza nitaendelea kutia maji mpaka lini.

Ni kweli, Sidi. Mimi si mpishi. Chuoni nilianguka mtihani wa mwisho wa mapishi, na sikurudi kuurudia. Hotelini nilichukuliwa kuosha vyombo, na huu ni mwaka wa tatu. Ile saladi niliijua kwa kuitazama kila Jumanne kutoka kwenye sinki. Nilipokwambia nimepata kazi jikoni sikudanganya, ila wewe ulipiga vigelegele ukasema ndugu yako ni mpishi, nami nikanyamaza. Ningesemaje? Uliuza cherehani yako na ukaacha kushona ili mimi nisome. Kila nikifikiria wewe kwenye baridi ya kiwanda hicho, najionea haya.

Baba alisema kuosha vyombo si aibu, kazi ni kazi. Aibu ni kumwacha dada yako atembee akijivunia jambo lisilokuwapo. Na sasa umewaahidi akina mama wa kikundi chako kwamba Desemba nitakuja kuwapikia. Ndiyo maana nimeandika leo, uwaambie mapema, au unikasirikie mapema.

Jumatatu nilimweleza Musyoka, mpishi wetu mkuu, habari za saladi yangu. Alicheka zile kabichi nene mpaka akakaa chini. Kisha akanipa kisu na gunia la vitunguu, nivikatekate nikishamaliza vyombo. Hajaniahidi kitu, nami sikuahidi chochote.

Desemba nitakuja, hata ukinuna. Ukikubali, nitawatengenezea akina mama saladi hii moja niijuayo. Ukikataa, nitaosha sufuria zao, na hilo, dada, hakuna anishindaye. Nisamehe.

Nisalimie majirani zako wote. Mama anakusalimu, Hawe anauliza lini utamletea maziwa. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Mwambire Kambi,
mwosha vyombo.