Wanasema Naosha Upako

Mugutha, Ruiru
Jumamosi mchana

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kwa sauti hapo barazani, hata kama hakuna mtu karibu. Goti linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi cha baridi ya Wundanyi kimemwachia, ama bado anakificha asipelekwe hospitali? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayochemka.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu wewe huanza kuomba kabla sijamaliza kueleza. Jumatano nilifika pale pa "Baba, kuna neno shuleni," ukasema "Tuombe," nikafumba macho katikati ya soko la Ruiru na mfuko wa viazi mkononi. Ukaniombea toba, ukasema Amina, na salio likaisha. Toba ya nini, Baba? Hata hukuniuliza. Kwa hiyo leo nakuomba jambo moja tu: usiombe mpaka ufike mwisho wa barua hii. Binamu Mwakio anasafiri kurudi huko kesho alfajiri, chuo chao cha Juja kimefunga, na ameahidi kukukabidhi mkononi kabla jua halijatua. Hana budi, maana ni yeye aliyemtumia Shangazi ile picha. Mwenye nyumba wake ana mtoto shuleni kwetu, ndiko alikoipata.

Picha yenyewe umeshaiona: mimi nina mapovu mpaka viwikoni, naosha vyombo vya maabara, wanafunzi wamenizunguka. Chini mtu ameandika, "Mwalimu wa dini anaosha upako." Picha ni ya kweli. Maneno ndiyo yaliyoniharibia wiki.

Nianze mwanzo. Unajua nafundisha kemia na pia somo la dini kwa kidato cha nne. Si kwamba shule ilitafuta mtu wa namna hiyo. Mwalimu wa dini aliondoka, wakasikia mimi ni binti wa katekista, wakanikabidhi Biblia. Nilifurahi kupita kiasi. Asubuhi nafundisha asidi, baada ya chai nafundisha habari za nabii Amosi, darasa lile lile, chaki ile ile. Watoto hawajawahi kuniuliza kama hivyo viwili vinagombana. Wanaouliza ni watu wazima.

Sasa huku, mtihani wa kitaifa ukikaribia, shule hufanya siku ya maombi. Wazazi huja, kalamu na rula na vikokotoo hupangwa mezani, mchungaji huviombea na kuvipaka mafuta. Sina neno na hilo. Hata mimi niliweka kalamu yangu pale, ile uliyoninunulia nilipoajiriwa. Lakini safari hii Pasta Mbugua alisema amesukumwa na Roho kuingia maabara pia. Akaingia na chupa ya mafuta ya zeituni, wazazi nyuma yake wanaimba. Nilikuwa nimepanga bureti juu ya meza kwa ajili ya mazoezi. Bureti, Baba, ni bomba jembamba la kioo lenye alama za kupimia. Mwanafunzi hulitia asidi, kisha huiachia tone kwa tone mpaka rangi ya maji ya chini ibadilike, halafu husoma ametumia kiasi gani. Pasta akaanza kumimina mafuta mdomoni mwa kila bureti.

Nikasema, "Pasta, samahani, humo ndani usiweke." Bi Wairimu, mwenye shule, akanivuta mkono. "Mwalimu, heshima." Basi nikakaa na heshima yangu, na mafuta yakateremka.

Kioo chenye mafuta hakiruhusu maji yashuke sawasawa. Matone hung'ang'ania pembeni, na kipimo kinakuwa uongo. Mtoto anaweza kujua kila kitu kichwani na bado akaandika jibu baya kwa sababu ya chombo. Mtihani wa vitendo ni Jumanne hii inayokuja. Kwa hiyo Jumatatu iliyopita nilikwenda Thika kutafuta brashi nyembamba na sabuni, kisha nikangoja maji, maana mfereji wa shule hutoka unapojisikia, na tangi ni la jikoni. Jumanne ukatoka. Nikawaita watoto, tukaosha kila bureti, tukasuuza, tukatazama maji yakiteleza bila kuacha tone. Nikaligeuza somo. Lilikuwa somo zuri, Baba, mojawapo ya masomo mazuri niliyowahi kufundisha. Mzazi mmoja alikuwa amemletea mtoto sweta, akachungulia dirishani, akapiga picha.

Mchana niko ofisini.

"Mwalimu, hii maneno iko kwa group yote ya wazazi," Bi Wairimu akaniambia. "Wanauliza kama wewe ni mtu wa Mungu ama ni wa nini."

"Ni wa Mungu, Madam. Lakini bureti zilikuwa na mafuta."

"Hiyo ni mafuta ya maombi, si ya kupika chipsi!"

"Madam, kioo hakijui tofauti."

Ulimi hauna mfupa. Sentensi hiyo nayo imeshazunguka Mugutha nzima, na kila mtu akiirudia inatoka mbaya zaidi. Sasa nimesema upako ni mafuta ya chipsi.

Hukumu ikatoka. Jumatatu Pasta atarudi kuzipaka bureti upya, ndani kama mwanzo. Mimi nitashika sinia mbele ya wazazi na kutamka kwamba nilikosa. Nisipotamka, mkataba wangu unakwisha na muhula. Na papo hapo nikanyang'anywa somo la dini. Hapo ndipo palipouma. Wameniachia kemia, wakaninyang'anya Neno, kana kwamba imani yangu iliondoka na yale mapovu. Amepewa Mwalimu Kioko wa biashara. Ni mtu mwema, lakini Alhamisi alinifuata faraghani kuniuliza Amosi yuko Agano la Kale ama Jipya. Na unajua mada iliyokuwa imebaki nimalizie marudio yake? Ni Mkristo na sayansi. Nilicheka peke yangu chooni, halafu nikalia.

Nilijaribu njia nyingine. Nikamwambia Bi Wairimu, Pasta awapake watoto mikono, maana mikono ndiyo itakayoshika bureti. Akasema, "Wazazi wanataka zile zile walizoona ukiosha." Pasta naye nimpe haki yake. Alinisubiri langoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sikujua ile kitu inaharibika. Lakini nikisema sikujua, si wataniuliza Roho aliniambia nini?" Nilimhurumia. Nilimkasirikia pia, yote kwa pamoja.

Lakini wote hao si kitu mbele ya Njoki. Ni msichana wangu wa kidato cha nne, mkono wake ni mtulivu kuliko wangu, anaachia tone moja na kusimama pale pale. Anataka kuwa muuguzi. Jana kwenye mazoezi mkono ulikuwa unatetemeka, anapitiliza kila mara, maji yanakuwa mekundu kabisa. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Madam, na tukifeli? Si ni sisi tulitoa upako na mikono zetu?"

Ngai, kama wanavyomwita Mungu huku! Huo ndio mwisho wa siku ya maombi, Baba? Mtoto aliombewa atulie, sasa anatetemeka kwa sababu alishika sabuni. Nilimwambia Mungu hakai kwenye bureti. Akaitikia, "Ndiyo, Madam," kwa ile sauti ya mtu asiyesadiki hata neno moja.

Ndipo nilipokukumbuka wewe. Jumapili baada ya misa, padre akishasuuza kikombe cha altare, ulikuwa unakichukua sakristia na kukiosha kwa maji moto na sabuni, unakikausha kwa kitambaa cheupe, na mimi nimeshika taa. Ulinifundisha kwamba kitu kitakatifu kikiachwa kichafu, hiyo ni dharau. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema katekista anaosha baraka. Nilijifunza kuosha vyombo kwako, Baba, sikujifunza chuo kikuu. Ndiyo maana toba uliyoniombea pale sokoni ilinichoma. Ya Bi Wairimu naweza kuyavumilia. Ya kwako siwezi.

Basi nitafanya hivi. Jumatatu nitashika sinia, kwa sababu maombi ni maombi na nitasema Amina kwa moyo wote. Wakinipa nafasi ya kusema, sitasema nilikosa. Nitawaambia habari za kile kikombe. Wazazi wakishaondoka, nitamwita Njoki na wenzake, na tutaosha tena kila bureti. Ufunguo wa maabara bado ninao. Mkataba ukikatika, nitarudi nyumbani Desemba nikiwa sina kazi, na utanikuta jikoni kwa Mama nikimenya ndizi.

Msalimie Mama, umwambie kikohozi kina dawa. Wasalimie kaka Mwandawiro na watoto wake. Msalimie Shangazi Wakesho, na umwambie picha akiletewa asome na uso ulio ndani yake, si maandishi ya chini tu. Mwakio mpe chai, lakini usimpe ya maziwa.

Sasa umefika mwisho, Baba. Omba. Lakini usiniombee toba. Mwombee Njoki, mkono wake utulie. Halafu omba Jumatatu mfereji wa shule uwe na maji.

Binti yako, mwalimu wa kemia, na wa dini hata wakikataa,
Mghoi