Isale Ndani ya Koti

Kibosho, 2 Machi 1998

Mwanangu Remigius,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo huko Dar, na chuo kinaendaje? Sisi wazima, ila mkono wangu wa kushoto. Wenseslaus, mdogo wangu wa tumbo moja, amenikata panga mpakani, ati nimeingia kihamba chake, shamba alilorithi. Nilipoanguka akaniongeza mateke. Nikipona namuua, Mungu shahidi! Mvua haikatiki. Programu yako ya kuigiza mafuriko inasemaje?

Baba yako

Dar es Salaam, 9 Machi 1998

Shikamoo Baba,

Pole sana, nimelia. Programu ilitaka wiki nzima kuigiza siku moja ya mvua, mafuriko yangeitangulia. Kumbe ilirukaruka kuchukua namba ndani ya kompyuta, kama mtu anayechuma kahawa mti mmoja huku, mwingine kule, na prosesa, ubongo wa kompyuta, inakaa bure ikizisubiri. Nimeipanga ifuate safu kwa safu, kazi nikazigawia prosesa mbili. Jana jibu limetoka kabla ya chakula cha mchana.

Baba, mto utaacha njia yake upite nyumbani kwa baba mdogo. Kwetu hautafika. Mwambie ahame. Beba isale, la sivyo hatakusikiliza. Barua nampa kondakta wa basi.

Mwanao, Remigius

Kibosho, 11 Machi 1998

Remigius,

Una wazimu? Jani la isale hubebwa na mkosaji akiomba msamaha. Mimi niliyekatwa ndiye nilibebe? Maji na yambebe, mbwa yule!

Hayo niliyaandika asubuhi. Mchana nimewaona wanawe wakicheza mtoni. Shenzi wewe na prosesa zako! Nisingejua, ningelala. Haya, nakwenda kukata isale. Hakuna Mchagga wa kulikataa.

Baba yako

Moshi, mahabusu, 20 Machi 1998

Mwanangu Remigius,

Sina mdomo wa kukusalimu. Baba yako aliingia uani kwangu mvua ikipiga, mkono ndani ya koti. Nikajua amekuja kulipiza. Nikampiga panga la shingo. Alipoanguka, koti likafunguka, nikaona isale. Alilificha, nadhani kwa aibu ya majirani.

Akasema, "Mto unakuja. Toa watoto." Damu ilimtoka mdomoni. Niliwatoa, nikarudi kumbeba, ameshakata roho. Usiku uleule mto ukaichukua nyumba yote. Watoto wako hai, wanamlilia baba mkubwa.

Nataka kukuomba msamaha, mwanangu, lakini humu ndani hakuna isale.

Baba yako mdogo, Wenseslaus