Kufuli la Chumba cha Mwisho

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika ofisi ya upelelezi, Jumatano jioni.
Mtoa maelezo: mwanamke, miaka 41, anajulikana mtaani kwa jina la Fundi Mdogo.
Kazi: fundi cherehani, hushona sare za shule.
Elimu: kidato cha nne.
Makazi: vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko la nafaka, pamoja na dada yake.

Leo ni Jumatano, tarehe 9 Aprili. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka, nzito, bila upepo, ikakatika kwenye saa tatu asubuhi. Naanza na mvua kwa sababu isingenyesha nisingekuwa hapa.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Dada yangu wa tumbo moja amewekwa ndani tangu alasiri kwa kosa la kumfungia mtu chumbani mpaka mtu huyo akavunjika mguu. Aliyevunjika ni dalali wa nyumba anayejulikana kama Mzee wa Fursa. Nataka kueleza nani alifanya nini. Nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho.

Dada amenizidi miaka kumi na minne na ndiye aliyenilea. Alikuwa mpokea simu katika kiwanda cha sabuni hadi alipostaafu mwezi Oktoba mwaka jana. Baada ya kulipwa kiinua mgongo alianza kuhudhuria mafunzo ya Mzee wa Fursa, kila Jumamosi, katika ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilimsindikiza mara mbili. Mzee wa Fursa alikuwa anafundisha jinsi ya kununua nyumba ya kupangisha ili mtu ale bila kutoka jasho. Alisema, "Mshahara ni mgeni, kodi ni mwenyeji. Nyumba haiugui, haistaafu, wala haiombi likizo ya uzazi." Watu walicheka. Dada hakucheka, alikuwa anaandika.

Mnamo tarehe 14 Desemba, Jumamosi, Mzee wa Fursa alitupeleka kuona nyumba aliyosema ni yake mwenyewe na anaiuza kwa kuwa anahamia kwenye majengo makubwa. Ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka mpaka imepasuka. Nyumba ina vyumba vinane vilivyozunguka ua, choo kiko pembeni, bomba katikati. Vyumba vyote vilikuwa na watu. Mwanamume mmoja alikuwa anapiga pasi barazani. Mwanamke wa chumba cha tatu alikuwa amempakata mtoto. Mahali fulani redio ilikuwa inasoma habari. Mzee wa Fursa alisema, "Karibuni, ingieni mkague hata uvunguni." Dada alikataa. Alisema chumba cha mtu ni kama nguo yake ya ndani, hakifunuliwi na mgeni. Tulisimama vizingitini, tukabisha hodi, tukajuliana hali, tukapita.

Kila mlango ulikuwa na pazia. Mimi ni fundi, naangalia kitambaa kabla sijamwangalia mtu. Mapazia yote manane yalikuwa ya jora moja, maua yaleyale ya samawati, na pindo lilikuwa la mkono mmoja. Nilimnong'oneza dada, "Wapangaji hawa wanapatana sana. Wamechangishana mapazia." Dada alifurahi. Alisema nyumba yenye mapatano haina kesi.

Tarehe 20 Desemba walitia saini mbele ya mwanasheria. Hati za nyumba ni halali, nimeziona. Bei ilipangwa kwa kufuata kodi ya vyumba vinane. Dada alilipa karibu kiinua mgongo chote. Mzee wa Fursa alimweleza kwamba wapangaji walishalipa hadi mwisho wa Machi, na kwamba mwenye nyumba mstaarabu hawasumbui wapangaji waliolipa. Kwa hiyo hatukwenda. Tulipofika Aprili, dada aliwaongezea wiki moja ya ihsani.

Leo saa nne asubuhi tulikwenda kupokea kodi. Dada alikuwa amenunua makufuli manane mapya, zawadi ya mwenye nyumba mpya kwa kila mlango. Nilikuwa nimeyabeba mimi kwenye mkoba, kila moja na funguo zake.

Kabla hatujafika tulisikia harufu. Ua ulikuwa umejaa maji meusi na shimo la choo lilikuwa linatapika. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mapazia. Vyumba vyote vilikuwa vitupu na ukutani, kimo cha goti, palikuwa na mstari wa maji ya miaka iliyopita. Dada alikwenda mlango kwa mlango akibisha hodi, hata kwenye milango iliyokuwa wazi. Nilimwambia, "Dada, hakuna watu." Akasema, "Nyamaza, labda wamelala." Saa nne asubuhi.

Ng'ambo ya njia kuna mwanamke anayeuza mkaa. Alikuwa anatutazama. Dada alimfuata, akamkazia macho, akasema, "Wewe si mpangaji wangu? Chumba cha tatu. Ulikuwa na mtoto."

Muuza mkaa alisema, "Nilikuwa mpangaji wako kwa saa tatu, dada yangu. Nikapewa hela ya sabuni na soda."

"Na mtoto je?"

"Wa kuazima. Alinikojolea bure." Kisha akasema, "Shoga, hapa hakai mtu. Masika yakianza hata paka wanahama."

Dada hakulia. Aliomba kigoda, akakaa karibu na magunia ya mkaa, akatoa simu. Alimpigia Mzee wa Fursa kwa ile sauti yake ya kiwandani, laini kama mafuta ya nazi. Alimwambia wapangaji watatu wametoka na amepata wapya, aje waandikishane, na yeye achukue udalali wake wa mwezi mmoja kwa kila chumba. Muuza mkaa alisema, "Hatakuja na maji haya." Dada akamjibu, "Dalali haogopi maji, anaogopa dalali mwenzake."

Alifika saa saba kasorobo, amekunja suruali, viatu mkononi, mwavuli kwapani. Alipoona ua umejaa alisita kidogo, lakini dada alimchekea na kumwambia, "Wako chumba cha mwisho, baba, ndicho kilichoinuka kidogo. Ingia uwasalimie." Akaingia. Dada akauvuta mlango, ambao ni wa bati zito, akaushikilia kwa mikono miwili.

Hapa ofisa amenikumbusha kwamba silazimiki kusema jambo linaloweza kuniumiza mwenyewe. Nimemwelewa. Naendelea.

Dada hakuniambia nifanye lolote. Hakunitazama hata. Mimi ndiye niliyetoa kufuli kwenye mkoba, nikalipitisha kwenye pete za mlango, nikalibana. Ufunguo ulibaki mkononi mwangu wa kulia.

Mzee wa Fursa alianza kwa kucheka. Alisema, "Mama, utani huu wa shule." Kisha akasema ataita polisi. Dada alimjibu, "Waite, tena uwaambie waje na buti." Hakuita. Simu alikuwa nayo, tulimsikia akiibonyeza, lakini hakumpigia mtu.

Dada alisema anataka mambo mawili, aseme alichofanya huku muuza mkaa akisikia, na arudishe pesa. Mzee wa Fursa alisema biashara ni biashara, na kwamba alituambia tukague hata uvunguni tukaleta heshima. Hilo lilituchoma kwa sababu ni kweli.

Mvua ilirudi kwenye saa saba na nusu. Maji uani yalipanda haraka, yakaanza kupita chini ya mlango. Kwanza alilalamika harufu. Baadaye alisema maji yamefika kwenye vifundo, kisha kwenye mashavu ya miguu. Mimi na dada tulikuwa tumesimama juu ya baraza. Alisema, "Dada zangu, nina presha, fungueni." Mimi nilimwambia dada, "Tumfungulie." Dada akasema, "Bado. Aseme kwanza."

Akasema. Alisema ni kweli aliwakodi wale watu na kununua mapazia. Kisha akapaza sauti, "Na mimi niliuziwa hivihivi! Mwaka juzi! Kwa mapazia ya kijani! Mlitaka nife nayo?"

Muuza mkaa alisema, "Kweli, yale ya kwanza yalikuwa ya kijani."

Dada alikaa kimya. Nilidhani atasema nifungue. Mzee wa Fursa naye aliusikia ukimya huo, na sauti yake ikabadilika, ikawa kama ile ya ukumbini. Alisema pesa hana, amezitia kwenye nyumba nyingine. Lakini masika yana mwisho. Kufika Julai ua utakuwa umekauka. Dada apake chokaa, akodi watu wanane kwa asubuhi moja, na yeye ataleta mteja bila kudai udalali. "Unarudisha yako yote, mama, na ya juu kidogo. Wateja wapo. Jumamosi hii tu nina wastaafu kumi na mmoja ukumbini."

Nimeulizwa kama dada alikubali. Hakukubali. Hakukataa pia. Alinigeukia, mvua inamtiririka usoni, akaniuliza, "Pazia nane ni mita ngapi?"

Sikumjibu. Lakini naomba iandikwe kwamba nilikuwa napiga hesabu. Mlango wa kawaida ni mita mbili na pindo. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, mtu amesimama kwenye maji ya choo nyuma ya bati, na mimi nilikuwa najumlisha kitambaa na nyuzi. Nilikuwa nimeshafika kwenye rangi. Nilifikiri samawati isirudiwe.

Katika muda huo ndipo Mzee wa Fursa alipoamua kutokea juu. Tulisikia akikwea kwenye nondo za dirisha, kisha mabati yakigongwa. Muuza mkaa alipiga kelele, "Atadondoka huyo!" Boriti ilikatika kwa mlio kama wa mbao kavu, lakini ilikuwa imelowa na kuoza. Akaanguka.

Nilifungua. Ufunguo uliingia mara ya tatu. Tulimkuta amekaa ukutani, maji yamemfika kifuani, mguu wa kushoto umegeuka. Alikuwa hai, macho wazi. Aliniambia mimi, si dada, "Ulikuwa unangoja nini?"

Tulimtoa sote watatu na kumpakia kwenye mkokoteni wa mkaa. Dada alimfunika kwa khanga yake. Njia nzima alikuwa anamwambia, "Usilale, baba, nitazame mimi, usilale," kwa ile sauti ya simu. Tulipofika njia panda aliniamuru nirudi nyumbani nikaoge, nikae kwenye cherehani, na mtu akiniuliza niseme sikutoka leo. Nilirudi. Nilioga. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono mmoja wa shati la sare, nikaona nimeuweka kinyume. Nilipoanza kuufumua ndipo mtoto wa jirani alipokuja kusema dada amechukuliwa na polisi kutoka hospitali.

Ofisa amenisomea alichosema dada. Amesema alikuwa peke yake. Alipobanwa kwamba muuza mkaa ametaja wanawake wawili, amesema mdogo wake alimlilia amfungulie mtu huyo, naye akamnyang'anya ufunguo.

Hakuninyang'anya. Nilisema "tumfungulie" mara moja tu, kwa sauti ndogo, na ningeweza kufungua bila ruhusa ya mtu. Dada ana mikono miwili, na yote miwili ilikuwa kwenye mlango, halafu ikawa usoni mwake. Ufunguo hakuugusa.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Kuna wastaafu kumi na mmoja ukumbini Jumamosi. Naomba mtu apande ngazi za lile duka awaambie waingie vyumbani.

Sina jingine. Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo, na nayatia sahihi nikiwa na akili zangu timamu.

Sahihi ya mtoa maelezo: imewekwa.

MAELEZO YA OFISA

Nimeyaandika maneno haya kama yalivyotamkwa na kumsomea mhusika kwa sauti. Amerekebisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba wakati wa tukio alikuwa amechanganyikiwa. Ameomba sentensi hiyo ikatwe, nami nimeikata.

Kutokana na aliyoyaeleza, nimemfahamisha kwamba kuanzia sasa yeye ni mtuhumiwa na si shahidi. Nimempa onyo la kisheria, akasema ameelewa. Jalada la udanganyifu katika mauzo ya nyumba limefunguliwa peke yake dhidi ya majeruhi, na askari mmoja amepangiwa ukumbi huo siku ya Jumamosi.

Alipoingizwa mahabusu ya wanawake, dada yake alisimama na kusema, "Mjinga wewe. Sasa nani atatuletea blanketi?" Kisha akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Kwa mujibu wa askari wa zamu, mdogo alipata usingizi saa tano na dakika arobaini usiku.